Andika Kabla ya Kulipa: Kupunguza Matumizi ya Kila Siku Jijini Dar es Salaam

Nimekuwa mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, huku Tabata kwa miaka tisa, na katika muda huo nimewaona wanachama wenye mishahara mizuri wakiomba kuahirishiwa hisa ya shilingi 10,000, huku mama anayeuza vitumbua akileta hisa zake kila Jumamosi bila kukosa. Nilipoanza kukaa na baadhi yao na kupitia matumizi yao mstari kwa mstari, niligundua kwamba karibu wote walikwishawahi kuandika matumizi, ila waliandika usiku, wakati fedha imeshatoka na mnunuzi ameshasahau nusu ya alichonunua. Hatua zifuatazo zinahamisha uandishi huo kutoka usiku hadi dakika ile ambayo mkono unaingia mfukoni.

Hatua ya kwanza: wiki mbili za kutazama tu

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni na ugawe ukurasa katika safu nne: kiasi, kitu, saa na mahali. Wapo wanaopenda kuandika kwenye simu, nami siwakatazi, ila kwa maoni yangu karatasi ni bora, kwa kuwa simu siku hizi ndiyo pochi yenyewe, na anayeifungua ili aandike hukutana na ujumbe wa ofa kabla hajaufikia ukurasa wake. Kwa malipo ya simu usitegemee kumbukumbu. Kila muamala huleta ujumbe wenye kiasi, makato na salio, hivyo nakili, na makato uyaandikie mstari wake, usiyachanganye na bei ya kitu.

Katika wiki hizi mbili usijinyime chochote, kwa sababu anayeanza kwa kujinyima huanza pia kujificha, na daftari lenye aibu halisemi kweli.

Mimi nilifumbuliwa macho na safu ya saa. Asubuhi nilikuwa mtu makini kabisa, lakini kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, nikiwa kituoni Kariakoo nasubiri gari la kurudi nyumbani, nilinunua karanga, maji ya chupa, juisi ya miwa, soksi, na chaja ya simu wakati nyumbani nilikuwa nazo mbili. Na gari lilipochelewa kwa nusu saa, nilipanda bodaboda. Kwa wiki moja kituo kile kilinigharimu shilingi 31,500. Hapo sikujiwekea amri ya kujikaza, maana mtu mwenye njaa na kiu aliyesimama saa nzima hana nguvu ya kubishana na mchuuzi. Nilianza kubeba chupa ya maji na ndizi mbili kutoka nyumbani, na jioni nikawa natembea dakika kumi hadi mahali gari linapogeuzia ili nipate kiti. Nusu ya matumizi yale yalipotea bila vita yoyote.

Hatua ya pili: tenga yale yanayokuja kwa vipindi

Mpangaji wa Dar es Salaam analipa kodi ya nyumba ya miezi mitatu, sita, au hata mwaka mzima kwa mkupuo, na mzazi anakutana na ada Januari. Matumizi haya hayaonekani katika daftari la wiki mbili, na ndiyo maana mtu anaweza kujiona ana nafasi wakati hana. Yagawe kwa wiki. Chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka miezi sita, ni shilingi 900,000. Ukigawa kwa wiki 26 unapata takriban shilingi 35,000 kila wiki. Fedha hiyo si yako hata kama iko mfukoni mwako. Wengi niliowaona wakiingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kali, hawakuingia kwa sababu ya anasa. Walishikwa na kodi ambayo tarehe yake waliijua tangu miezi sita iliyopita.

Umeme una jambo lake dogo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi yanaweza kuleta uniti chache kuliko ulivyotarajia. Iandike kodi hiyo miongoni mwa matumizi ya lazima, uendelee mbele.

Hatua ya tatu: andika kabla ya kulipa

Kuanzia wiki ya tatu, kanuni ni moja: kiasi na jina la kitu viingie daftarini kwanza, ndipo fedha itoke. Jambo hili huchukua sekunde kumi hivi, na katika sekunde hizo ujiulize swali moja: je, ningetoka nyumbani mahususi kukifuata kitu hiki? Dawa ya mtoto, ndiyo. Mchele, ndiyo. Kava la pili la simu linalouzwa dirishani mwa daladala, hapana.

Wajapani wana desturi ya daftari la matumizi ya nyumbani iitwayo kakeibo, iliyoanzishwa na mwandishi wa habari Hani Motoko mwaka 1904, ambayo humtaka mtu ajiulize ana kiasi gani, anataka kuweka kiasi gani, anatumia kiasi gani na atarekebisha nini. Maswali hayo ni mazuri kwa mwisho wa mwezi, mtu akiwa ametulia mezani. Mbele ya meza ya mchuuzi hakuna nafasi ya maswali manne, ndiyo maana nimebakiza lile moja.

Kwa kitu kinachozidi shilingi 20,000 ambacho hakikuwa kwenye mpango, kiandike ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na tarehe, kisha ondoka. Baada ya siku tatu, ukiwa bado unakitaka na fedha ipo, rudi ukanunue bila kujilaumu. Usione haya kuandika mbele ya muuzaji. Wauzaji wa Kariakoo hudhani unanakili bei ili ukalinganishe na duka la pili, na mara kadhaa nimepunguziwa kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya nne: ifanye simu iwe nzito kidogo

Fedha ya simu hutoka kwa urahisi mno, hivyo inafaa kuiwekea kikwazo. Tumia laini mbili: moja ipokee mshahara au mauzo na ikae nyumbani, nyingine ubebe ikiwa na matumizi ya wiki pekee. Kumbuka pia kwamba makato ya kutoa fedha hupangwa kwa madaraja. Anayetoa shilingi 10,000 mara tano kwa wiki hulipa makato zaidi ya yule anayetoa 50,000 kwa mara moja. Linganisha mwenyewe na bango la wakala, kwa kuwa viwango hubadilika.

Bando ni vivyo hivyo: gawa bei kwa idadi ya megabaiti kabla ya kuchagua, maana bando la siku linalonunuliwa kila siku mara nyingi huwa ghali kuliko la mwezi. Huduma ya kukamilisha muamala pale salio lisipotosha ni mkopo, una ada yake, na hukatwa fedha inapoingia tu. Kwa uamuzi wangu, mtu anayejifunza kupunguza matumizi aachane nayo kabisa kwa miezi mitatu.

Hatua ya tano: genge na soko

Watu huambiwa kwamba kununua kwa jumla ni nafuu, na kwa vitu vikavu ni kweli mara nyingi: mchele, maharage, unga, sukari, sabuni. Lakini piga hesabu pamoja na nauli. Ikiwa kilo ya mchele sokoni ni pungufu kwa shilingi 300 kuliko gengeni, kilo kumi zinakuokolea 3,000. Ukitoa nauli ya kwenda na kurudi na bajaji ya kubebea mzigo, huenda usibaki na kitu. Safari ya Ilala au Buguruni ina maana pale unaponunua vitu vinne au vitano kwa pamoja, au mkishirikiana na jirani kugawana gunia la viazi.

Nyanya, mchicha na samaki vinunuliwe kidogo kidogo gengeni, kwa kuwa joto la jiji hili halina huruma. Mafuta ya kula yanahitaji uangalifu wa aina nyingine: dumu la lita tano ni nafuu kwa lita kuliko ya kupima, ila nimeona nyumba zinazomimina bila kipimo kwa sababu dumu limejaa. Ukinunua dumu, hamishia chupa ndogo ya wiki, dumu lifichwe.

Hatua ya sita: michango

Hapa siwezi kukubaliana na wanaoshauri kukata. Harusi, send-off na misiba ndiyo bima ya wengi wetu, na aliyejitenga na watu katika jiji hili ataugua peke yake. Kinachofaa ni kuweka kiasi cha mwezi mapema, mkubaliane na mwenzako nyumbani, na kujibu kadi ya mchango siku ileile kwa kiasi unachokiweza. Anayenyamaza kundini kwa wiki tatu hujikuta akiahidi kikubwa kwa aibu, na ahadi ni deni. Msiba hauna ratiba, kwa hiyo sehemu yake ikae pembeni, isiguswe na sherehe.

Hatua ya saba: hesabu ya Jumapili

Jumapili jioni, kwa nusu saa, jumlisha wiki na ulinganishe na fedha iliyopo mkononi. Pengo dogo litakuwepo. Likizidi shilingi 2,000, jua kuna malipo yaliyotangulia kalamu. Kiasi ulichookoa kihamishe siku hiyohiyo kwenda kwenye hisa za kikoba, akaunti ya benki au mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS, kampuni ya serikali, kwa sababu akiba iliyobaki kwenye laini ya matumizi haifiki Jumatano.

Daftari likijaa, andika miezi yake kwenye jalada na ulihifadhi. Ifikapo Novemba, fungua kurasa za Januari iliyopita, usome bei ya sare, madaftari na viatu vya shule, kisha ugawe jumla yake kwa wiki zilizobaki.