Restart, siyo Shut down
Laptopu ikianza kujikokota, kabla hujaipeleka kwa fundi bonyeza Restart. Kwenye Windows 10 na 11, Fast Startup (mpangilio wa kuiwasha haraka) ikiwa imewashwa, Shut down haizimi kila kitu: kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kesho kinarudi vilevile, na uchovu wake. Restart ndiyo huanza upya.

Ya kwangu hapa stesheneri, Mbuyuni, Moshi, naizima kila jioni. Juzi nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc, ikafunguka Task Manager, nikaingia Performance, CPU, nikasoma Up time, yaani muda tangu ianze upya: siku 19! Kumbe masikini hailali.

Programu moja ikiganda, humo humo kwenye Task Manager ingia Processes, ichague, bofya End task. Ila ambacho hukusevu ndiyo basi tena.