Kupandisha boti kwenye loki: vibao vya maji hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nilimwelekeza shemeji yangu kupita loki za mifereji ya Uingereza, yaani vyumba vya maji vyenye mageti mbele na nyuma, vinavyopandisha au kushusha boti. Alijua usukani, ila vibao vilimtoa jasho. Kibao ndicho kinachoziba tundu la maji, ama kwenye geti lenyewe ama ardhini kando yake. Unakiinua kwa hendeli, mkono wa kuzungushia unaoubeba mwenyewe na kuuchomeka kwenye gia ya kibao.

Kuhusu hendeli, chukua ya chuma. Za alumini ni nyepesi kweli, lakini ikikuponyoka ikazama, sumaku haitaiokoa. Beba mbili.

1. Ingiza boti, funga mageti ya chini.

2. Shusha vibao vyote vya chini. Hapa ndipo nilipopoteza saa nzima siku zangu za mwanzo. Maji yalipanda, yakasimama karibu na usawa wa juu, na geti likagoma. Nikasukuma kwa mgongo, nikaita watu wasukume nami, wapi! Kumbe kibao kimoja cha chini kilikuwa kimekalia kijiti, maji yanatoka huku yakiingia kule. Tofauti ya vidole viwili tu ya kina inatosha kulibana geti. Kwa hiyo usiamini kwamba umefunga kwa sababu umezungusha. Tazama, fimbo yenye meno inayobeba kibao imeshuka kabisa? Kama haijashuka, inua kibao tena, acha maji yasukume uchafu, kisha shusha. Rudia hata mara tatu. Na geti likigoma, kagua nyuma kabla ya kutumia nguvu.

3. Fungua vibao vya ardhini vya juu, nusu kwanza. Boti ikitulia, malizia. Vile vya kwenye geti la juu visubiri mpaka matundu yake yafunikwe na maji, la sivyo maporomoko yatamwagikia omo, yaani sehemu ya mbele, na boti inaweza kuzama. Kila ukisimama, ulimi wa chuma unaozuia gia kurudi nyuma uwe umeshika meno, kisha chomoa hendeli. Ulimi ukiteleza hendeli ikiwa bado imo, itazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono.

Mtu mmoja asibanduke kwenye vibao. Omo ikinasa chini ya geti, funga vya juu mara moja, uliza maswali baadaye.

4. Maji yakilingana, geti litafunguka kwa kuegemewa tu.

5. Toa boti, funga geti, shusha vibao kwa kuzungusha. Wengine huinua ulimi na kukiachia kibao kianguke. Kelele tamu, gia zinakufa.