Barafu usiku unaingia saa kumi na mbili

Mimi ni mpishi wa mlimani, Kilimanjaro. Haya ni ya adabu za Kambi ya Barafu, mita 4,673, pa mwisho kulala kabla ya kilele cha Uhuru kwa waliopitia njia ya Machame au ya Lemosho. Nyie mnaokuja kwa makundi ya Sikukuu ya Uhuru, Desemba 9, yasomeni mkiwa bado Moshi.

Kwanza saa. Barafu watu wanakula mapema na saa kumi na mbili jioni wameshajifunika, maana saa tano usiku wanaamshwa kupanda. Sasa ukiwasha spika ya Bongo Fleva saa moja, kwa jirani yako ni usiku wa manane. Hema halizuii hata kikohozi. Mchana nao usijiachie: ukifika saa saba, hema la pembeni huenda lina mtu katoka kileleni, kapewa saa moja tu ya kujinyoosha kabla ya kushuka.

Kengele za simu ndizo zinaniudhi kuliko yote. Bwana mmoja aliiacha simu hemani akaenda zake Uhuru. Ikalia saa nane, ikanyamaza, ikalia tena. Hema la mtu halifunguliwi hovyo, tukaisikiliza hadi betri ikaisha. Zima. Kiongozi wako atakuja kukuamsha.

Pale ni mawe matupu na mahema yamebanana, kwa hiyo kamba nyingi zimefungwa kwenye mawe. Ukienda chooni usiku zunguka, usikatishe katikati. Taa ya kichwa imulike miguu yako, isimulike hema la mtu. Ukijikwaa jiwe likasogea, hapo sasa piga hodi hata kama kalala, kamba ikazwe. Upepo wa Barafu ukipata kona iliyolegea, hema zima linaondoka.

Halafu maji. Barafu hayapo. Kila ndoo unayoiona, mgumu, yaani mpagazi, kaibeba toka Karanga, kambi ya chini yake, mwendo wa saa tatu, nne. Ya kunywa omba tu, hakuna jiko litakalokunyima, ila mwombe mpishi, usijichotee. Niliwahi kumkuta kijana wa kundi jingine ananawa miguu kwa maji niliyotenga ya chai ya saa tano. Sikumgombeza. Nilimwonyesha tu mgumu aliyeyabeba, kalala na viatu vyake.