Osha bomba la dawa shambani, si mtoni

Kwa anayelima nyanya au vitunguu kwa maji ya mfereji, sehemu kubwa ya sumu inayofika mtoni hutoka pale anapochanganyia dawa na kuoshea bomba. Kuzamisha bomba lenye mabaki mferejini ili lijae ni kosa zito. Viuatilifu kama saipamethrini na lamda-sihalothrini huua samaki hata vikiwa kidogo sana majini, pamoja na wadudu wanaoliwa na samaki hao. Na huko mfereji unakoelekea kuna watu wanaochota maji ya kupikia.

Chota maji kwa ndoo safi, ukachanganyie shambani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa hifadhi wa mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Usichanganye dawa ndani yake.

Pima kwanza, kwa kuwa dawa inayozidi ndiyo inayomwagwa ovyo. Tia maji matupu, pulizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, uone yametumika lita ngapi. Yakienda lita 5, robo eka itataka takriban lita 50, yaani mabomba mawili na nusu ya lita 20. Bomba la mwisho lijaze nusu, na dawa pia nusu.

Chupa ikiisha, isuuze papo hapo kabla dawa haijakauka ndani: tia maji hadi robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina ndani ya bomba. Rudia mara 3, kisha itoboe, asije mtu akaitilia mafuta ya kula. Ukimaliza kupulizia, suuza bomba, mpira na nozeli vilevile mara 3, na maji hayo yapulizie kwenye zao lilelile.

Mbolea nayo ina njia yake. Urea iliyorushwa juu ya udongo huchukuliwa na mvua kubwa. Fosfeti iliyo katika DAP, mbolea ya kupandia, hushikamana na udongo, ikasafiri na tope. Zikifika ziwani hustawisha mwani na magugu maji, kama ilivyo Ziwa Viktoria, na mimea hiyo ikioza humaliza hewa ya samaki. Fukia mbolea kando ya mmea, urea igawe mara 2, na kandokando ya mto acha majani ya tembo bila kulima. Yakate uwapelekee ng'ombe zizini. Ukiwaachia wayale palepale, kwato zitabomoa kingo na kinyesi kitaingia majini.