Kula kombe na kome Old Leigh: mwongozo wa safari ya siku moja

Old Leigh ni mtaa wa wavuvi nchini Uingereza, mahali mto Thames unapopanuka kuingia baharini, na kombe wake (wale waitwao cockles) ndio waliolipa jina. Kutoka London panda treni ya kampuni ya c2c pale stesheni ya Fenchurch Street, ile inayokwenda Shoeburyness, ushuke Leigh-on-Sea baada ya kama dakika 50. Elekea mashariki, mto ukiwa mkono wa kulia. Utakutana kwanza na vibanda vya kombe, halafu barabara nyembamba yenye pabu (baa za Kiingereza zinazouza pia chakula) kama Crooked Billet na Peterboat.

Kabla ya kukata tiketi, angalia saa za maji kujaa na kupwa za Southend, jiji ambalo Leigh ni sehemu yake. Maji yakipwa hapa hubaki tope tupu hadi mbali sana. Gati la Southend, unaloliona upande wa mashariki, lilibidi lijengwe kilomita zaidi ya mbili ili meli ziweze kufunga. Panga ufike saa moja hivi kabla ya maji kujaa, ukae nje uyatazame yakipanda. Usishuke kutembea topeni: miguu huzama, na maji hurudi haraka kuliko unavyodhani.

Saa ya jiko nayo ina uzito. Baadhi ya pabu hufunga jiko kati ya chakula cha mchana na cha jioni, kwa hiyo agiza kabla ya saa saba na nusu mchana. Jumapili siyo siku nzuri: jiko huwa limeshikwa na nyama choma ya oveni, na samaki hubaki wachache kwenye menyu.

Anzia kibandani, kwa vitu vya baridi. Kombe huuzwa wakiwa wamechemshwa na kutolewa magambani. Kikombe kidogo kwa kila mtu kinatosha, maana bado unakwenda kula. Mwaga kwanza maji yaliyotuama chini, ambayo ni chumvi tupu, kisha nyunyiza pilipili manga nyeupe, ndipo utie siki kama kijiko kimoja cha chai. Wageni wengi humimina siki hadi kombe waelee, halafu hulalamika kwamba kombe hawana ladha. Kombe mzuri ana ncha ya rangi ya chungwa, ananukia bahari na ana utamu kidogo. Akiteleza kama kamasi au akitoa harufu kali ya mkojo, mrudishe. Mchanga kidogo menoni ni kawaida. Ukizidi, hawakuoshwa vizuri. Ukitaka mkunga wa jeli (vipande vya mkunga vilivyochemshwa na kugandishwa katika mchuzi wake), kumbuka kuwa kila kipande kina mfupa katikati: kula ukiuzunguka, usitafune moja kwa moja.

Ndani ya pabu hakuna mhudumu wa kukujia. Tafuta meza, soma namba yake, nenda kaunta uagize na kulipa papo hapo. Si lazima unywe pombe. Soda au maji hayamshangazi mtu. Usile vya kibandani kwenye meza za pabu kabla ya kuuliza.

Kome (mussels kwenye menyu) ni bora kuanzia Septemba hadi Aprili. Wakati wa joto hutaga, nyama ikasinyaa. Kombe ni kinyume chake: wananona kuanzia Juni hadi vuli. Sahani ya kome wa gamba ikiwa mlo kamili huwa na nusu kilo au zaidi. Tumia gamba tupu la kwanza kama koleo la kuchomolea wengine, na yule aliyebaki amefumba baada ya kupikwa mwache pembeni.

Kwa Waislamu: kome mara nyingi hupikwa kwa mvinyo mweupe au saida (kilevi cha tufaha), unga wa kukaangia samaki huchanganywa na bia, na baadhi ya majiko hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kila kimoja kwa jina lake, ukiuliza tu "kuna pombe?" utajibiwa kuhusu vinywaji. Mwenye mzio naye ataje kinachomdhuru hasa, kwa sababu kamba na kaa huhesabiwa kundi moja, kome na kombe kundi jingine, na samaki lao peke yao.

Ukila nje, kaa mgongo ukiwa ukutani na usiache sahani peke yake. Shakwe wa hapa huteremka kutoka nyuma na kuondoka na kipande kizima cha samaki.

Kombe wa kubeba nyumbani waombee barafu, uwale siku hiyo hiyo au kesho yake. Wakienda kwenye mchuzi wa nazi, watie mwisho kabisa, dakika moja kabla ya kuepua. Wameshaiva tayari, ukiwachemsha tena hugeuka raba.