Aliyeumia ubongo usimpe mtihani, mpe jibu

Kama nyumbani mna mtu aliyeumia kichwa, tuseme kwa ajali ya bodaboda miaka kadhaa nyuma, na kumbukumbu bado inamsumbua, acheni kumuuliza, "Haya, dawa zako ziko wapi?" Nia ni njema, najua. Lakini akibahatisha "kabatini" na siyo, kosa lenyewe ndilo linaloweza kunasa, maana hakumbuki kwamba alisahihishwa. Kesho ataenda kabatini tena, nanyi mtamwona mkaidi.

Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson, watafiti wa Uingereza, walionyesha kuwa watu waliopoteza kumbukumbu sana hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo. Nyumbani inakwenda hivi: mpeleke hadi kwenye kopo la bluu juu ya friji, sema "dawa ziko hapa", alifungue mwenyewe. Rudieni njia ileile, saa ileile, siku kadhaa. Kisha punguza msaada kidogo kidogo: leo unamwonyesha kwa kidole, wiki ijayo unasema tu "kopo la..." na kunyamaza. Akisita, mwambie upesi kabla hajabahatisha.

Na kopo lisihame, tafadhali! Wavurugaji wakubwa ni sisi wenyewe, siku ya usafi.

Anzeni na jambo moja tu. Hata kama ajali ni ya zamani, mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayewasaidia wagonjwa kumudu shughuli za kila siku, anaweza kuwasaidia kulichagua.