Somo: kupima peptidi zinazoua bakteria ndani ya maji ya bahari, ukiwa Moshi

Moshi hatuna bahari. Maji yangu huja na basi la Tanga, dumu la lita 5 ndani ya boksi la barafu, nami nalipokea stendi alfajiri. Yakifika, yatumie siku hiyohiyo. Maji ya bahari yakifungiwa chomboni, saa chache tu bakteria wachache walafi huzaana na kuwafunika wenzao.

Kwanza, jua unachopima. Peptidi hizi ni minyororo mifupi ya amino asidi, mara nyingi 12 hadi 50, na nyingi zina chaji chanya. Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi. Peptidi huvutwa, hujipachika na kuutoboa. Magainini, aliyoitangaza Michael Zasloff mwaka 1987 kutoka ngozi ya chura, hufanya hivyo. Sasa tia chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35: sodiamu inafifisha ule mvuto, magnesiamu na kalsiamu zinaushikiza utando usiachie.

Pili, andaa mirija. Tumia plastiki ya polipropilini. Kwenye kioo peptidi hugandia ukutani, ukadhani imeshindwa kazi. Mrija mmoja uwe na maji ya bahari matupu, mingine uongeze peptidi kidogo kidogo.

Hapa nilivurunda. Nilitaka kuona chumvi ikipungua itakuwaje, nikazimua maji kwa maji yetu ya mlimani. Bakteria walikufa karibu wote, nikatembea kifua mbele siku mbili. Kumbe mrija usio na peptidi nao ulikuwa umekufa! Bakteria wengi wa bahari hawaishi bila sodiamu. Kwa hiyo ukihitaji kuzimua, acha chumvi ilivyo: tumia maji ya bahari yaliyopita kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo kinachoua vijidudu), si mengine.

Tatu, hesabu. Chota mwanzoni, baada ya saa 1, na baada ya saa 4. Paka kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) iliyotengenezwa kwa maji ya bahari. Sahani huotesha sehemu ndogo sana ya bakteria waliomo, mara nyingi chini ya asilimia 1, basi linganisha mirija tu, usidai umehesabu bahari.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Arusha. Kama chumvi inazima peptidi, samaki wa baharini wanajikinga na nini?*
Marahaba. Wana za kwao. Pisidini, iliyoripotiwa mwaka 2001, hukaa ndani ya seli za kinga za samaki na hubaki na makali hata chumvi ikizidi. Ukipata bajeti, agiza hiyo uilinganishe na magainini.

*Mangi, mimi baada ya saa 24 nimekuta bakteria wengi kuliko mrija mtupu. Nimekosea wapi?*
Pengine hujakosea. Bakteria wa bahari hutoa vimeng'enya vinavyokata peptidi, kisha wanakula vipande. Dozi yako ilikuwa ndogo, umewapikia. Rudia ukichota kila saa. Utaona walipoanza kunenepa.